Nyumba Inayoelea Baharini: Isajiliwe Kama Meli?

Anayetaka kujenga nyumba ya kuelea baharini hulazimika mapema kujibu iwapo makazi yake ni meli au ni kitu kingine, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloamua ni nchi gani itakayokuwa na mamlaka juu yake.

Wanaotetea usajili wana hoja nzito. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kila nchi hujiwekea masharti ya kuzipa meli utaifa, mradi pawepo uhusiano wa kweli kati yake na meli hizo. Na chombo kinachoshukiwa kutokuwa na utaifa kinaweza kusimamishwa katika bahari kuu na manowari ya nchi yoyote ile. Bendera ya nchi iliyoisajili meli, basi, ni kinga, ingawa si kinga ya kila mahali. Ndani ya maili 200 za baharini kutoka pwani, nchi husika ndiyo pekee yenye haki ya kuruhusu ujenzi wa visiwa vya kutengenezwa na binadamu, na chombo kilichotia nanga hapo miaka nenda miaka rudi hakiwezi kudai kwa urahisi kwamba kinatumia uhuru wa kusafiri. Mwaka 2019, jeshi la majini la Thailand liliibomoa nyumba iliyokuwa ikielea karibu na Phuket, ijapokuwa wenyewe walidai kuwa ilikuwa nje ya maili 12 za bahari ya nchi hiyo.

Upande wa pili unasema kwamba sheria za meli zilitungwa kwa ajili ya kitu kinachosafiri. Mahakama ya Juu ya Marekani ilielekea huko mwaka 2013, katika kesi ya Lozman dhidi ya jiji la Riviera Beach. Nyumba iliyobishaniwa haikuwa na usukani wala injini, na madirisha yake yalikuwa ya kawaida, si yale ya meli yasiyopitisha maji. Kwa kuwa hakuna kilichoonyesha kuwa iliundwa kubeba watu au mizigo majini, mahakama iliamua kwamba haikuwa chombo cha majini kwa maana ya sheria ya nchi hiyo.

Kwa maoni yangu usajili unafaa, lakini usichukuliwe kuwa ndio uthibitisho wa usalama. Mkataba wa SOLAS wa mwaka 1974, unaohusu usalama wa maisha baharini, hauzibani meli zisizoendeshwa kwa mitambo, na ule wa mwaka 1966 kuhusu mistari ya ujazo (alama za kina ambacho meli inaruhusiwa kuzama inapopakiwa) unaziacha meli mpya zenye urefu chini ya mita 24. Kwa hiyo nyumba ndogo iliyoandikishwa kama tishali, yaani chombo kisicho na injini kinachovutwa, inaweza kupeperusha bendera halali bila mikataba hiyo miwili kuigusa. Cheti chenye uzito zaidi ni cha taasisi za uainishaji wa meli, yaani zinazokagua uimara wa vyombo na kuvipa vyeti, kama DNV au Lloyd's Register, ambazo zimezoea kupima uthabiti wa majukwaa ya mafuta na minyororo ya nanga zake. Hata hivyo, majukwaa hayo hukaliwa na wafanyakazi waliofunzwa kujiokoa, si na familia yenye watoto wadogo, na kanuni zake haziwezi kuhamishwa zilivyo.

Pengo linalonisumbua zaidi ni la mabaki. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 2007 kuhusu uondoaji wa mabaki ya meli unadai bima kwa meli za tani 300 na zaidi tu, na nyumba nyingi za aina hii hazifikii kiwango hicho. Ikizama karibu na pwani na mwenyewe akawa hana kitu, gharama itaangukia nchi ya pwani. Kwa hiyo nchi inayotoa bendera ingepaswa kudai bima hiyo siku ya usajili, bila kujali tani.