Ditha haiongezi uchafu, inauondoa

Kuna ushauri unazunguka kila wanapokutana watu wa studio na mimi umenichosha: ukibaunsi miksi kwenda CD (yaani ukiitoa kama faili la mwisho) usihangaike na ditha, ile kelele ndogo ya makusudi inayowekwa kabla ya kupunguza biti, haisikiki, hayo ni mambo ya wazee wa maabara. Wiki hii umenifikia mezani. Nimeletewa albamu nzima niipange kwa ajili ya CD, faili zote biti 16 (biti ndizo zinazoamua faili lina ngazi ngapi za ukubwa wa sauti), zimekatwa kutoka 24 bila ditha hata chembe, na aliyezibaunsi kaniandikia kwa kujiamini kabisa kwamba kaizima makusudi ili isimwongezee kelele kwenye miksi.

Nikavaa hedfoni nikaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa piano, pale mwisho ambapo noti inaachwa ife yenyewe ndani ya riverbu, ule mwangwi wa chumba. Mwanzo safi. Ikianza kushuka sasa, badala ya kufifia polepole inakwaruza, mkwaruzo mdogo mkavu unaoifuata noti yenyewe, noti ikitikisika nao unatikisika, halafu pale mwisho kabisa ambapo bado kulikuwa na sekunde kadhaa za mkia wa riverbu hakuna kitu tena, kimya tupu. Mpiga piano alikanyaga ile pedali akasubiri, chumba kizima kikasubiri naye, na huo muda ndio uliotupwa. Kwenye sesheni ya biti 24, ule mradi wa asili ndani ya programu, upo wote! Nimeumia kweli, maana hapa hakuna kifaa cha gharama kilichokosekana wala ujuzi wa miaka, kilichokosekana ni tiki moja kwenye dirisha la kubaunsi.

Nisemee hilo la "kelele" maana ndiyo mizizi ya shida yote. Watu wanaamini faili la 24 likishushwa kwenda 16 bila ditha linabaki safi ila na usahihi kidogo pungufu, na ukiweka ditha unalichafua. Ni kinyume kabisa. Unapokata zile biti 8 za chini kosa linatokea utake usitake, kila sampuli, yaani kila kipimo kimoja cha sauti, inasogezwa kwenda kwenye ngazi iliyo karibu na ule msogeo ni sauti, umeshaingia kwenye faili. Swali ni moja tu, hilo kosa liwe la namna gani. Bila ditha linaufuata muziki, noti ya aina hii inazaa kosa la aina hii kila inapojirudia, na kitu kinachoufuata muziki namna hiyo jina lake ni distoshoni. Tena distoshoni mbaya kuliko ya ampu, kwa sababu kwenye ampu zile hamoniki, milio ya ziada inayozaliwa juu ya noti, angalau zinakaa kwenye familia ya noti, huku zinazopita 22.05 kHz, mpaka wa juu wa CD, hazina pa kwenda, zinapiga kona zinarudi chini na kutua kwenye masafa yasiyo na uhusiano wowote na piano yako. Ndiyo maana unasikia ule ukavu, ile hali ya "dijitali" ambayo watu wanailaumu CD yenyewe.

Ukiweka ditha, yaani ile ya kawaida ya pembetatu, TPDF, unaongeza kelele ya kubahatisha yenye upana wa ngazi mbili KABLA ya kukata, na kosa linaacha kuufuata muziki. Linakuwa shhhh moja tulivu huko chini, haipandi wala haishuki, hata noti ipige namna gani. Na sikio la binadamu linaivumilia shhhh tulivu kirahisi sana, baada ya muda mfupi limeshaisahau, lakini mkwaruzo unaocheza na wimbo haliusahau. Gharama yake ni kelele kupanda karibu desibeli 4.8, sakafu inatoka kama -98 inakuja kama -93 (desibeli chini ya sauti kubwa kuliko zote faili linayoweza kubeba). Basi. Hiyo ndiyo bei yote, na shhhh iliyoko -93 kwenye volyumu ya kawaida hata huifikii, chumba chako chenyewe kina kelele kuliko hiyo.

Na haya hayajaanza jana. Lawrence Roberts pale chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 60 alikuwa anaongeza kelele kwenye picha kabla ya kuzipunguzia biti, na picha zikawa zinaonekana vizuri zaidi maana ile mistari ya ngazi iliyokuwa inaonekana usoni mwa mtu ilipotea. Kwenye sauti, Vanderkooy na Lipshitz wa chuo kikuu cha Waterloo kule Kanada walilichambua kwa hesabu na vipimo, 1984 wakachapisha wakionyesha kwamba mfumo wa dijitali wenye ditha unabeba sauti iliyo CHINI ya biti ya mwisho, yaani ndogo kuliko ngazi moja. Soma tena hapo. Chini ya biti ya mwisho.

Usiniamini mimi, jaribu. Fungua programu yoyote unayotumia, tengeneza saini (wimbi la sine, mlio mmoja safi) ya 1 kHz, ishushe mpaka desibeli -100, baunsi biti 16 bila ditha. Rudisha hilo faili ndani, lipandishe desibeli 60 usikilize. Kama programu yako inakadiria kwenda ngazi ya karibu utapata sifuri tupu, sauti imefutwa, maana hata nusu ya ngazi moja haikufika. Kama inakata tu kwenda chini utapata mlio wa mraba, bzzzz, ambao si ile saini uliyoingiza. Haya, sasa rudia vile vile ukiwa na ditha. Utasikia shhhh, na ndani yake saini yako ipo, mlio laini wa 1 kHz, sauti ambayo kwa hesabu ya ngazi haikutakiwa hata kuwemo. Mimi kila nikimwonyesha mtu hili namwona anavua hedfoni ananiangalia, na sijawahi kukutana na aliyeendelea kubishana baada ya hapo.

Kwa hiyo lile la kwamba dijitali ina vingazi na 24 ina vingazi vidogo vidogo ndiyo maana inasikika laini, tuliache. Ikiwa na ditha sahihi biti 16 haina vingazi vya kusikika, ina sakafu ya kelele tu, na 24 ina sakafu iliyo chini zaidi. Tofauti ni hiyo peke yake. Waliosema CD haina nafasi ya muziki mpole wengi wao walikuwa wanasikiliza kazi zilizokatwa vibaya.

Sasa najua mtakachosema. Muziki wa siku hizi umebanwa, limita (kile kinachozuia sauti isivuke kiwango) imekaba mwanzo mpaka mwisho, nani atasikia kitu kilichoko -90? Sawa, hapo nawapa. Kwenye korasi iliyobanwa mpaka wimbi limekuwa tofali, hakuna atakayesikia tofauti, nami sitasikia. Lakini wimbo huo una mwanzo na una mwisho, una fedi, pale sauti inaposhushwa taratibu, una yale mapumziko kabla ya ubeti, na msikilizaji mwenye hedfoni usiku anafika huko kote. Tena ditha haichagui wala haikulipishi, ukiiweka kwenye wimbo wa kelele haikupotezei chochote, kwa hiyo hoja ya "hapa haihitajiki" bado haikupi sababu ya kuizima.

Hoja nyingine, hii ina akili kidogo, ni kwamba rekodi yenyewe ina kelele ya maiki na priampu inayotosha kufanya kazi ya ditha. Ni kweli, wakati mwingine. Kelele ya chumba iliyoko -70 inazivuruga zile biti za chini vya kutosha. Ila wewe umeweka geti, inayonyamazisha kila sauti ikiwa ndogo. Umeweka fedi, na fedi inashusha muziki pamoja na hiyo kelele uliyokuwa unaitegemea, inaondoka pale pale unapoihitaji kuliko mahali pengine popote. Na sinthi za ndani ya kompyuta zinazokwenda mpaka kimya kamili, hizo kelele yake iko wapi?

Upande wa pili wapo wanaoipenda kupita kiasi, wanaiwasha kila mahali, na hao nao wananitesa. Limita kwenye masta, ile njia ya mwisho inayopita miksi nzima, ina kitufe cha ditha, kimewashwa. Dirisha la kubaunsi lina ditha yake, imewashwa. Halafu faili la biti 16 linafunguliwa upya kwenye sesheni nyingine, linanomalaizwa (linapandishwa mpaka kiwango cha juu), linakatwa tena, ditha nyingine. Ditha ni mara moja, mwisho kabisa, unaposhuka kwenda 16, na baada yake hakuna kugusa kitu: hakuna volyumu, hakuna fedi, hakuna kubadilisha sampo reti, ile idadi ya sampuli kwa sekunde. Kama sesheni ni 48 kHz na CD inataka 44.1, badilisha kwanza ukiwa bado kwenye floti, zile hesabu za ndani za programu zenye usahihi mkubwa, ndipo ukate. Ukigusa kitu baada ya ditha mashine inahesabu upya kwa biti nyingi na inabidi ikate tena, yaani umerudi mwanzo na kelele umeongeza bure.

Noizi shepingi, yaani kuihamisha kelele ya ditha kwenye masafa mengine, ni kwa anayejua faili linakwenda wapi. Inaisukuma kelele kutoka pale sikio linapokuwa kali, huko 2 mpaka 5 kHz, inaipeleka juu karibu na 20 kHz. Ni kitu kizuri sana na kina historia ndani ya CD yenyewe: mashine za kwanza za Philips, mwaka 1982, zilikuwa na chipu ya kubadilisha sauti ya biti 14 tu, na kwa kuzidisha sampuli mara 4 pamoja na noizi shepingi zikatoa ubora wa 16. Ila ile kali ikirudiwa mara mbili, au faili likienda kuchezewa tena mbele, zile kelele za juu zinajumlishana. Huna uhakika? TPDF ya kawaida, funga kazi. Na kagua kama plagini yako ina ile tabia ya kujizima yenyewe muziki ukinyamaza, izuie, maana shhhh inayokatika ghafla kati ya wimbo na wimbo inasikika kuliko shhhh iliyokaa.

Na jamani, kama kazi ya masta, yaani matayarisho ya mwisho ya albamu, anafanya mtu mwingine msimpelekee 16. Mpelekeeni 24 au 32 floti, sampo reti ile ile ya sesheni, limita imetolewa. Kwenye 32 floti usiweke ditha kabisa. Kwenye 24 ukiweka ile ya kawaida haidhuru chochote, kelele yake iko chini ya kelele ya konveta za kawaida, vile vifaa vinavyogeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti. MP3 nayo itengenezwe kutoka kwenye hilo hilo faili la 24, isitoke kwenye la CD, maana enkoda haihitaji biti 16 zako wala hiyo ditha uliyoiweka kwa ajili ya CD.

Ile albamu nimeirudisha. Nimeomba sesheni zibaunsiwe upya, 24, bila kitu, na nimeambatanisha mkia wa ule wimbo wa piano uliopandishwa desibeli 60 ili aliyezima ditha asikie mwenyewe alichokifuta.