Daftari la Singapore na gharama ya kunakili

Baada ya Waingereza kusalimu amri Singapore tarehe 15 Februari 1942, Wajapani waliopekua vitu vilivyoachwa walipata daftari la fundi wa rada aliyeitwa Newmann, lenye maelezo ya SLC, yaani rada iliyoelekeza taa kubwa za kumulika ndege usiku. Wengi hulikumbuka kwa kichekesho kimoja: mateka aliyeulizwa neno "Yagi" lililoandikwa humo ni kitu gani alijibu kuwa ni jina la profesa wa Kijapani aliyebuni antena ya rada hiyo. Kichekesho hicho, kwa maoni yangu, kimefunika kosa kubwa zaidi.

Japani haikuwa na upungufu wa akili. Mwaka 1939 kampuni ya Japan Radio ilikwisha kuunda magnetroni, yaani kifaa cha kuzalisha mawimbi mafupi ya rada, ya mawimbi ya sentimita 10 yenye nguvu ya wati 500, kabla wanafizikia Waingereza Randall na Boot hawajawasha ya kwao Birmingham mwaka 1940. Lakini kazi hiyo ilikuwa ya jeshi la majini, na jeshi hilo na lile la nchi kavu yalifichana siri kama wake wenza. Ndiyo maana jeshi la nchi kavu, lilipopata daftari la Newmann pamoja na rada ya Marekani ya SCR-268 iliyotekwa Ufilipino, liliamua kunakili.

Sioni aibu yoyote katika kunakili silaha ya adui wakati wa vita. Hasara ilikuwa kwenye masafa ya mawimbi (idadi ya mitetemo kwa sekunde), kwa sababu rada zote mbili zilifanya kazi karibu na megahezi 200, ambako wimbi moja lina urefu wa mita moja na nusu, na wenye rada hizo walijua vyema udhaifu wa masafa hayo, yaani jinsi ya kuyavuruga. Hata marubani wa jeshi la majini la Japani waliujua: mwaka 1943, katika visiwa vya Solomon, walidondosha vipande vya karatasi ya metali vya sentimita 75, nusu kamili ya wimbi, ili kuzipumbaza rada za Wamarekani. Hata hivyo jeshi la nchi kavu liliendelea kuilinda miji kwa rada za masafa hayo hayo, na ndege za Marekani za kudondosha mabomu, B-29, zilipokuja usiku zikiwa na mitambo ya kuvuruga mawimbi, Wamarekani walikuwa wakikabiliana na rada ambazo asili yake ilitoka katika maghala yao wenyewe na ya washirika wao Waingereza.