Nikaha ya Haraka Humfungia Kijana Mlango wa Uafisa

Familia ya Pwani yenye kijana aliyeingia jeshi la Marekani kwa grini kadi humuuliza mambo mawili kila simu ikipigwa: utatuma lini, na utaoa lini. Swali la kwanza lina haki yake. La pili, likija wakati usiofaa na likajibiwa kwa nikaha, linaweza kumwacha askari wa kawaida mtoto ambaye angekuwa afisa. Masharti ya vyuo vya maafisa vya Marekani kuhusu ndoa hayana tafsiri mbili, na sisi huku, Lamu hasa, tuna desturi inayogongana nayo moja kwa moja.

Vyuo vikubwa ni vitatu. West Point, jimbo la New York, ni cha jeshi la nchi kavu na kilianzishwa 1802. Annapolis, Maryland, ni cha wanamaji, tangu 1845. Cha jeshi la anga, kilichoundwa 1954, kiko Colorado Springs. Anayeingia husoma miaka 4 bila karo, hutoka na shahada pamoja na cheo cha afisa wa kuanzia, ambacho kwa jeshi la nchi kavu ni luteni wa pili, kisha hudaiwa angalau miaka 5 ya utumishi kamili. Wengi hudhani milango hii ni ya watoto wa wakubwa tu. Sheria inasema vingine. Kwa kila chuo, waziri wa jeshi husika hutengewa nafasi za kuteua askari 85 wa vyeo vya chini kutoka jeshi la kudumu na 85 kutoka jeshi la akiba. Askari pia hapotezi haki ya kuomba uteuzi wa seneta au mbunge wa mahali anapohesabiwa kuwa mkaazi. Aombe huku na huku, hakuna anayemkataza.

Kinachomshinda kijana wa kwetu mara nyingi ni kalenda. Kwa miaka mingi kipimo cha umri kimekuwa hiki: awe ametimiza 17, na awe hajafika siku yake ya kuzaliwa ya 23 ifikapo tarehe 1 Julai ya mwaka anaoingia. Bunge la kule lina uwezo wa kubadilisha ukomo huo, kwa hiyo tangazo la mwaka wenyewe lisomwe. Lakini fanyeni hesabu. Aliyezaliwa Septemba 2004 atakuwa na miaka 22 tarehe 1 Julai 2027, basi anaweza kuingia mwaka huo. Julai 2028 atakuwa ameshapitwa. Na kama atapitia shule ya maandalizi, ambayo huchukua mwaka mzima kabla ya chuo, mwisho wake unarudi nyuma mwaka mmoja.

Juu ya umri kuna uraia. Grini kadi inatosha kumwingiza mtu jeshini, haitoshi kumwingiza chuo cha maafisa. Askari aombe uraia mapema kwa fomu N-400, akiambatisha N-426 ambayo jeshi huijaza kuthibitisha kwamba anatumikia kwa heshima. Ada ya N-400 kwa askari imeondolewa. Anayengoja hadi amalize mkataba wa kwanza ndipo ashughulikie uraia, mara nyingi huupata akiwa na 23 au 24, karatasi mkononi na mlango umefungwa.

Sasa ndoa. Mwombaji asiwe na mke au mume, asiwe mjamzito, wala asiwe na wajibu wa kisheria wa kumlea mtoto. Desturi yetu nyingi hutanguliza nikaha, na harusi yenyewe hungoja hata mwaka, ili wachumba wazungumze na kutembeleana bila lawama. Kijana akija likizo wiki 2, ami zake humpeleka msikitini Ijumaa, nikaha inafungwa, bibi harusi anabaki kwao, na kila mtu anasema "bado hajaoa, harusi ni mwakani." Kwa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014, ndoa ya Kiislamu ni ndoa kamili, na kadhi wa Lamu au Malindi hataandika kwamba ni nusu. Kwa fomu za chuo, kijana huyo ana mke.

Wapo watakaosema afiche. Msimfundishe hivyo hata kwa mzaha. West Point ina kanuni ya heshima inayokataza kusema uongo, kudanganya, kuiba, na hata kumvumilia anayefanya hayo, na kadeti, yaani mwanafunzi wa chuo hicho, hufukuzwa kwayo. Tena ndoa haifichiki kwa askari: akimwandikisha mke ili apate posho ya nyumba, jina linaingia kwenye kumbukumbu za jeshi siku hiyo hiyo.

Posa ni kitu kingine. Uchumba haumzuii mtu. Kama pande mbili zimependana, pelekeni posa, mpeane ahadi, na msichana aambiwe ukweli mbele ya wazazi wake: miaka 4 ya chuo, labda 5 akipitia maandalizi, hakuna nikaha. Msichana na wazazi wake wana haki ya kukataa kungoja hivyo. Bora akatae sasa akijua kuliko kijana apoteze chuo na ndoa ianze kwa kinyongo. Na kama binti yenu ndiye aliye jeshini, hukumu ni ile ile, ila shinikizo kwake huwa kubwa mara mbili, basi mama na shangazi wake wawe wa kwanza kumkinga. Kuhusu watoto, angalieni pia ule wema wetu wa kumkabidhi kaka mkubwa watoto wa ndugu aliyefariki. Kutuma pesa za shule ni sadaka na haina shida. Kwenda mahakamani kumfanya mlezi wa kisheria wa mtoto ni jambo la kuahirisha, au la kumpa ndugu mwingine.

Pesa nazo zisemwe waziwazi. Kadeti hulipwa asilimia 35 ya mshahara wa msingi wa luteni wa pili anayeanza, nao ni mdogo kuliko wa askari wa kawaida. Humo humo hukatwa sare, vitabu na kompyuta. Sajenti aliyezoea kutuma Malindi kila mwezi hataweza kiwango kile kile. Familia ikae, ikubaliane nani atashika karo ya wadogo kwa miaka hiyo. Kijana anayepigiwa simu usiku wa mtihani kuulizwa habari ya kodi hasomi.

Kazi kubwa ambayo nyumbani mnaweza kuifanya ni makaratasi. Chuo kinataka kuona masomo ya sekondari, na cheti cha KCSE peke yake ni alama za mtihani mmoja. Nendeni shuleni alikosoma, muombe alama zake za kidato cha 1 hadi cha 4, muhula kwa muhula, kwenye karatasi rasmi ya shule, yenye sahihi ya mwalimu mkuu na muhuri. Nendeni muhula ukiwa unaendelea, kwa sababu wakati wa likizo mwenye funguo ya faili huwa hayupo. Matokeo ya KCSE yathibitishwe na Baraza la Mitihani kupitia mfumo wake wa QMIS. Walimu waliomfundisha Kiingereza, hisabati na sayansi watafutwe mapema, kwani tathmini za walimu wa masomo haya ni sehemu ya faili, na mwalimu akishahamishiwa kaunti nyingine kumpata ni kazi.

Halafu majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athman, cha shule Athumani, pasipoti Uthman. Cheti kimoja kina jina la babu, kingine hakina. Binti ana "Mwana" kwenye cheti kimoja na hana kwenye kingine. Afisa wa udahili wa mbali hana njia ya kujua kwamba huyu ni mtu mmoja, faili husimama, na swali hurudi kwa barua pepe wakati siku zinayoyoma. Wakili aandike hati ya kiapo inayotaja majina yote jinsi yalivyoandikwa kila mahali na kuthibitisha kwamba ni ya mtu mmoja. Ifanyeni sasa, msingoje kuulizwa.

Upande wa kambini, kiungo cha kwanza ni kamanda wa kombania, kwa kawaida kapteni. Bila idhini na pendekezo lake ule uteuzi wa waziri haupatikani. Kosa la kawaida ni kumpelekea fomu wiki ya mwisho. Huenda hajawahi kushughulikia ombi la namna hii, huenda kikosi kiko safarini, huenda amehamishwa na mpya hamjui kijana. Askari aanze kwa sajenti wake mwaka mmoja na nusu kabla ya Julai anayoitaka, na ahesabu kwamba faili hufungwa mwishoni mwa Januari. Adhabu ya nidhamu, hata ndogo, huharibu pendekezo hilo kuliko alama hafifu ya mtihani.

Mtihani wa kuombea chuo ni ule wa kawaida wa vyuo vikuu vya Marekani, kama SAT au ACT. Aufanye zaidi ya mara moja, maana West Point huchukua alama ya juu ya kila sehemu. Hisabati ya KCSE husahaulika haraka mtu akishakaa miaka 2 bila kuigusa.

Mtihani wa viungo nao una mtego wake. Si ule wa kawaida wa jeshi, na kuupita ule hakumaanishi lolote hapa. Una sehemu 6 zinazofuatana kwa mapumziko mafupi: kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, kujivuta kwenye chuma, kukimbia kwenda na kurudi, kuinuka kutoka kulala kwa dakika 1, pushapu kwa dakika 1, na mbio za maili 1. Kijana aliyekulia kwenye kandanda ana mapafu ya maili, lakini mkono wake haujui kurusha. Kupiga magoti humnyang'anya nguvu ya miguu, kwa hiyo kila kitu hutoka begani na kiunoni. Ajizoeze kurusha mara tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa.

Uchunguzi wa afya vilevile ni wa pekee, chini ya bodi ya afya ya Wizara ya Ulinzi iitwayo DoDMERB. Aliyepita wakati wa kuandikishwa jeshini anaweza kukwama hapa. Pumu iliyoonekana baada ya umri wa miaka 13 ni mfano mmoja. Akikataliwa, chuo ndicho huomba msamaha wa kiafya kwa niaba yake kikiwa kinamtaka, kwa hiyo asikate tamaa kwa barua ya kwanza.

Akiambiwa aanze na shule ya maandalizi, akubali. Wazee wengine huona ni kushushwa. Mimi naona kwa aliyesoma kwetu ni heri kubwa: mwaka wa hisabati na Kiingereza kabla ya chuo ambacho hakimsubiri mtu kwenye kalkulasi.

Ombi lenyewe halina ada. Yeyote anayekaa Malindi na kudai pesa ili "apitishe jina" West Point ni tapeli. Nafasi za kadeti wa kigeni zipo, ila mwombaji huteuliwa na serikali ya nchi yake, si na dalali.

Aliyepita umri, au ambaye ameshaoa, hajafungiwa uafisa wote. Jeshi la nchi kavu lina mpango wa Green to Gold, unaompeleka askari chuo kikuu cha kawaida. Njia moja ndani yake humwacha na mshahara wake kamili ikiwa anaweza kumaliza shahada ndani ya takriban miaka 2. Mwenye shahada tayari aombe kozi ya maafisa ya wiki 12 huko Fort Benning, Georgia. Ndoa si kizuizi kwa njia hizi, uraia bado unatakiwa. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Pwani au wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa walioingia jeshini kama askari wa kawaida wanapaswa kuifikiria hii kwanza. Shahada ya Kenya italazimika kupimwa na taasisi ya tathmini kule Marekani, na matokeo yatoke kwa msajili wa chuo yakiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Ndugu atakayekwenda kuyachukua aende na barua ya idhini iliyosainiwa na mwenye shahada pamoja na nakala ya kitambulisho chake, na aombe bahasha 2.