Mzoga si kipimo pekee
Mwandishi, umesema dawa ya wadudu haina neno kwa ndege maadamu hatuoni mizoga shambani. Hapo sikuungi mkono. Kule Kanada watafiti waliwapa shomoro wahamaji imidaklopridi (dawa ya kuua wadudu) kidogo tu, matokeo yakatoka 2019: ndege waliacha kula vizuri, wakakonda ndani ya saa chache, na waliopewa dozi kubwa zaidi wakachelewa kuendelea na safari yao siku 3 na nusu hivi. Mwenye safari ndefu akichelewa, na msimu wa kutaga unampita.

Sasa sisi wa Malindi, tangu viwavijeshi vamizi, wale wanaokula mahindi, waingie nchini 2017, ni pampu ya dawa mgongoni. Mimi mwenyewe nanyunyiza asubuhi. Jioni namkuta ndege mnana akiokota viwavi walewale, anapelekea makinda.