Mdoli Ana Taa Tisa, Mimi Nina Mbili

Nyumba tunayopanga huku Mbagala ina vyumba sita, familia nne, Luku moja na choo kimoja cha uani ambacho hakina taa. Hakina taa si kwa sababu balbu zimeadimika madukani, bali kwa sababu kila tunapokaa kikao kuamua nani achangie umeme wa balbu hiyo, wale wanaodai kwenda chooni mara chache hukataa kulipa sawa na wanaokwenda mara nyingi, na mpaka leo hakuna aliyenyoosha mkono kukiri kuwa yumo katika kundi la pili. Basi tunakwenda na tochi za simu, na simu ikiisha chaji tunakwenda kwa kukumbuka. Nimeanza na choo kwa makusudi, maana nyumba ninayotaka kuisimulia ina taa hadi chooni, ilhali mwenyewe hajawahi kukitumia hata siku moja.

Mwenyewe ni mdoli.

Nyumba yake aliileta shemeji yangu, dada yake Mama Zuhura, anayeishi Leicester, Uingereza, alipokuja likizo mwezi Desemba. Ilikuja ndani ya boksi bapa, ikiwa vipandevipande vya plaiwudi vyenye namba, pamoja na bahasha ya taa sita, kibunda cha utepe wa shaba na kijitabu cha maelezo. Juu ya boksi palikuwa na picha ya nyumba hiyo usiku, madirisha yote yakiwaka kwa mwanga wa manjano. Zuhura, ambaye ana miaka saba na hajawahi kuniona nimeshika waya wa aina yoyote, aliitazama picha ile kisha akatangaza mbele ya wageni, "Baba ataweka umeme." Shemeji akanigeukia na kunitazama kwa jicho lile ambalo ndugu wa mke humtazamia mume wakati wanapopiga upya hesabu za mahari.

Mimi ni fundi cherehani. Najua kupiga pindo, kupunguza suruali kiunoni na kumwambia mteja arudi kesho. Umeme niliachana nao kidato cha pili, kwa kuwa wiki ambayo mwalimu wa fizikia alifundisha mfuatano na sambamba, zile njia mbili za kuunganisha taa, ndiyo wiki niliyorudishwa nyumbani kufuata ada. Ada ile hatimaye ililipwa, lakini somo lenyewe halikurudiwa, na deni lake limekuja kudaiwa miaka zaidi ya ishirini baadaye na mtoto wa darasa la pili.

Kilichonitia moyo kidogo ni vipimo. Nyumba za namna hii, kwa mujibu wa kijitabu, hujengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila futi moja ya nyumba ya kweli inakuwa inchi moja, na futi na inchi ndizo ninazolala nazo na kuamka nazo, maana futikamba yangu haishuki shingoni. Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo iliyofichua aibu ambayo sikuthubutu kumwambia mtoto kwa wiki nzima. Mdoli wake ana urefu wa futi moja kamili. Kwa kipimo cha nyumba ile, huyo ni mwanamke wa futi 12. Haingii mlangoni. Akilazwa sebuleni, miguu inatokea jikoni na kichwa kinabaki barazani, jicho moja likiwa limefumba na la pili, ambalo liliharibika zamani, likikodolea dari. Kwa maneno mengine, nilikuwa nahangaika kuiwekea umeme nyumba ambayo hata mwenye nyumba haimtoshi.

Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230, na taa za mdoli zinataka volti 12. Kijana wa bodaboda anayepanga chumba cha mwisho alinishauri nichomeke moja kwa moja, kwa hoja kwamba "taa ni taa tu, kaka." Nilimshukuru, nikaweka boksi mbali na mkono wake. Mimi nilianza kwa tahadhari kubwa mno: nilichukua adapta ya volti 9 ya redio ya marehemu baba, nikazifunga taa zote sita kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, kama shanga katika uzi mmoja, nikawasha. Giza. Nikaita familia ije kushuhudia, ikaja, ikashuhudia giza. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba katika mfuatano taa hugawana volti, kwa hiyo kila moja ilikuwa imepewa volti moja na nusu na kuambiwa iangaze. Ni sawa na kukaribisha watu sita kwenye sahani moja ya ubwabwa halafu ukashangaa hakuna aliyeshiba.

Adapta ya volti 12 niliipata kwenye droo, imebaki kutoka kile kiboksi cha intaneti tulichokuwa nacho enzi za neema. Nilivaa miwani nikasoma maandishi yake madogo: volti 12, ampea 1. Nikahama kutoka mfuatano kwenda sambamba, ambapo kila taa ina njia yake ya kwenda na njia yake ya kurudi, na hakuna anayemwonea mwenzake. Hapo ndipo utepe wa shaba ulipoingia kazini. Unaubandika ukutani mistari miwili, mmoja wa chanya na mmoja wa hasi, inayokwenda bega kwa bega kama reli kupita kila chumba, kisha unachoma pini juu ya kila mstari na kuzungushia waya wa taa. Kijitabu kilitaka misumari midogo ya shaba, ambayo haikuwamo kwenye boksi. Nikatumia pini zangu za kushonea, na nathubutu kusema hakuna fundi umeme katika wilaya hii ya Temeke ambaye angezichoma zikanyooka vile. Hata kwenye kona nilitamba. Utepe ule hauruhusu kukatwa na kuunganishwa kwa kubandika kipande juu ya kipande, kwa kuwa gundi iliyo chini yake huziba njia ya umeme. Ni lazima uukunje ukiwa mzima, na kukunja kona bila kukata kitambaa ndiyo riziki yangu.

Nyaya za taa ndizo zilizonitoa machozi. Ni nyembamba kama uzi wa kudarizi, na taa yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele wa Kyela. Kuvua ganda la plastiki la waya wa namna hiyo kunahitaji wembe mpya, pumzi iliyozuiwa na nyumba yenye watu waliokufa ganzi, na mimi nina watoto watatu. Kila nilipofikia mahali penyewe, mtu alifungua mlango. Waya mmoja niliukata mara nne, ukafupika mpaka taa ya jikoni ikawa imebana kabisa ukutani, na Mama Zuhura akauliza kama mdoli atapikia pembeni.

Kisha ikaja shoti. Ili umeme upande ghorofani, ilibidi mstari mmoja uvuke juu ya mwingine, na katikati yake nikaweka karatasi ya gundi ili isigusane. Kazi ilikuwa safi. Lakini usiku huo, kwa kujiamini kwingi, nikachoma pini ya taa ya ngazi palepale kwenye makutano, ikapenya mstari wa juu, ikapenya karatasi ya gundi, ikapenya na mstari wa chini. Volti 12 hazikurushi, hata ukizishika hushtuki, na ndiyo maana mtu huzidharau. Ila zikikutana chanya kwa hasi bila taa katikati, zinapasha moto kila zinapopita. Mama Zuhura alinusa akiwa kitandani. "Baba Zuhura, kuna kinachoungua, au ndiyo unapika?" Adapta ilikuwa ya moto kiasi cha kunyooshea kola. Kesho yake nilikwenda kununua fyuzi ya nusu ampea, nikaiweka mwanzoni mwa njia, na sasa mdoli ana kinga ambayo mimi mwenyewe sina, kwa sababu ubao wetu wa swichi fyuzi yake ni kipande cha waya alichokisokota fundi wa mwenye nyumba.

Taa sita hazikutosha. Picha ya boksi ilikuwa na tisa, na Zuhura anajua kuhesabu. Nikaenda Kariakoo kununua taa tatu za LED, nikarudi, nikaunga ya kwanza moja kwa moja kwenye volti 12. Iliwaka kwa mwanga mkali ambao sijauona tangu nizaliwe, kwa muda usiotosha kusema bismillahi, kisha ikanuka. Nilipomrudia muuzaji kununua nyingine aliniuliza, "Uliiwekea rezista?" kwa sauti ya muuguzi anayeuliza kama mtoto alipewa chanjo. LED nyeupe hutosheka na volti 3 hivi. Zile 9 zinazobaki lazima zizuiliwe njiani na hiyo rezista, na ukizigawa kwa miliampea 20, yaani ampea 0.02, unapata rezista ya omu 450, ambayo dukani haipo, kwa hiyo unachukua 470. Kuitambua ni lazima usome mistari ya rangi kwenye kijiti kidogo kuliko mchokoo wa meno: njano, zambarau, kahawia. Mimi nauza nyuzi za rangi mia moja na kenda, lakini zambarau ile chini ya balbu yetu ya sebuleni iliapa kuwa ni bluu. Mguu mrefu wa LED ni chanya, mfupi ni hasi. Hilo nilifurahi kulijua, kwa sababu ni jambo pekee katika mradi huu ambalo linaonekana kwa macho.

Shemeji alipiga simu ya video kukagua. Badala ya kunipa pole, akanisimulia juu ya nyumba ya midoli ya Malkia Mary iliyoko katika kasri la Windsor, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kujengwa kati ya mwaka 1921 na 1924, kwa kipimo hikihiki cha moja kwa kumi na mbili. Ina umeme, maji ya moto na ya baridi, lifti zinazopanda na kushuka, na vyoo vinavyovuta maji. "Miaka mia moja iliyopita, shemeji, vyoo vya midoli vinavuta maji!" akasema. Nilimwuliza Luku yake alikuwa anachangia nani. Simu ikakatika, sijui kama ni mtandao.

Basi jioni moja taa tisa ziliwaka kwa pamoja. Sitaficha: ilipendeza. Zuhura alizima balbu yetu ili ionekane fahari yake, mwanga wa manjano ukatoka kwenye vidirisha na kuanguka sakafuni kwa viraka vidogo kama vya shuka la kuungaunga, na mdoli akiwa amelala na kichwa chake barazani alionekana kama mtu aliyerudi kutoka harusini akashindwa kuingia ndani. Kwa bahati mbaya, mwanga huo ulitoka pia kwenye dirisha letu la kweli, na uani alikuwa anapita Mama Shabani, mshika daftari la Luku.

Kwetu mchango huhesabiwa kwa kitu: kila taa shilingi 1,000 kwa mwezi, televisheni 3,000, friji 10,000. Pasi haimo kwenye orodha, na mwenye pasi ya umeme pekee ni mwenye daftari. Mimi ya kwangu ni ya mkaa. Kikao kiliitishwa usiku uleule, na ajenda ikasomwa: Baba Zuhura ameongeza taa tisa bila taarifa.

Nilisimama nikajitetea kwa hesabu. Nilieleza kwamba taa sita za waya hula miliampea 60 kila moja, za LED tatu hula 20 kila moja, jumla miliampea 420, yaani ampea 0.42, ukizidisha kwa volti 12 ni wati 5 tu. Kwamba uniti moja ya Luku ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo mdoli anahitaji saa 200 kuimaliza. Kwamba Zuhura huwasha saa mbili kila jioni, hivyo, tukiacha kinachopotea kwenye adapta, uniti moja itamfikisha mdoli siku mia moja. "Pasi yako ya wati 1,000, Mama Shabani," nikasema kwa heshima zote, "inaimaliza uniti hiyo kabla hujafika kwenye kanzu ya pili."

Kimya kilitanda. Halafu kijana wa bodaboda akasema, "Lakini taa ni taa tu, kaka."

Nilijaribu hoja ya mwisho, kwamba mdoli hata hakai humo, kwa sababu haingii. Mama Shabani akajibu kwamba mpangaji wa chumba cha mbele naye yuko Mtwara tangu Januari na analipa. Tukavutana mpaka saa tano, tukaafikiana shilingi 2,000 kwa nyumba nzima ya mdoli, kwa sharti kwamba iandikwe kwa utaratibu. Mama Shabani akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa mwandiko mzuri: "Mpangaji wa tano: Mdoli." Nilisaini. Sikufikiri kwamba ukurasa wa wapangaji ndio unaotumika kupanga zamu za usafi.

Jumamosi alfajiri nilikuwa chooni na fagio na ndoo, simu nimeibana kwa meno ili tochi imulike sakafu, na kupitia tundu la mlango nikaona dirisha letu likiwaka manjano kwa sababu Zuhura alikuwa ameamka mapema kumwamsha mdoli. Mama Shabani akasimama nje na kopo lake, akasubiri nimalize.

"Ahsante sana, Baba Zuhura, kwa kumshikia zamu mdoli," akasema. "Usisahau ya kwako ni Jumatano."