Maji ya angani tunayapima kila siku, kisha tunayafuta

Februari iliyopita nilikuwa upande wa Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, na vijana wawili, tunapima mashamba kwa mashine za GPS. Mashine ya msingi, ile inayokaa mahali pamoja ili nyingine zilinganishwe nayo, tuliiacha mjini, zaidi ya kilomita thelathini nyuma yetu. Asubuhi tulichukua kipimo cha kigingi kimoja cha mpakani. Alasiri, mawingu yakiwa yameshajikusanya, tukarudia kigingi kilekile ili kujihakikishia. Mlalo, yaani mahali kigingi kilipo kwenye ramani, ulikubaliana. Kimo kikapishana kwa sentimita sita. Kijana mmoja akainama kuangalia kama fimbo imezama kwenye tope, lakini ardhi ilikuwa kavu kabisa. Haikupita nusu saa, mvua ikatukimbiza hadi kwenye banda la mbuzi, tukasimama humo tumekumbatia vifaa.

Zile sentimita sita, kwa sehemu kubwa, ndizo zilizokuwa zikija kutulowesha. Mvuke wa maji ulikuwa umejaa juu yetu kabla tone moja halijaanguka, na mashine yangu ilikuwa imeushika. Nilichofanya jioni ile ni kile tunachokifanya sote katika kazi hii: nikaiachia programu isahihishe kimo, nikahifadhi faili, nikalala.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile, na sidhani kama ni sawa.

Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200. Wimbi la redio linalotoka kwenye setilaiti huja kwa mwendo wa mwanga, ila likishaingia kwenye hewa yetu huchelewa kidogo. Uchelewaji wa tabaka la juu kabisa lenye chaji za umeme huondolewa kwa kutumia masafa mawili ya mawimbi, ndiyo maana mashine za upimaji hupokea zaidi ya moja. Unaobaki ni wa hewa hii tunayoivuta. Hapa Dodoma, karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu peke yake hulichelewesha wimbi linaloshuka kutoka utosini kana kwamba setilaiti imesogea mbali kwa mita mbili hivi. Hizo mita mbili hazisumbui: zinafuata uzito wa hewa, na ukijua mgandamizo wake hapo chini unazikokotoa hadi milimita. Kinachozidi juu yake ni mvuke. Siku kavu ni sentimita chache, siku nzito zinaweza kufika hata thelathini. Na kila milimita sita na nusu za uchelewaji huo ni kama milimita moja ya maji, endapo ungeyakamua yote yaliyo juu ya kichwa chako. Uchelewaji wa sentimita ishirini, basi, ni takribani milimita thelathini za maji yanayoelea juu ya mji.

Hili si jipya. Mtafiti Michael Bevis na wenzake waliliandika kitaalamu mwaka 1992. Japani ina vituo vya kupokea mawimbi haya takribani 1,300, vilivyosimikwa hasa kufuatilia mienendo ya ardhi na matetemeko, lakini tangu mwaka 2009 idara yao ya hali ya hewa inaingiza mvuke unaopimwa na vituo hivyo kwenye utabiri. Uingereza na Ufaransa nazo zinatumia njia hiyo. Mtu wa matetemeko na mtu wa mvua wanagawana antena moja.

Kwetu sababu ya kufanya hivyo ni kubwa zaidi. Kipimo cha kawaida cha unyevunyevu wa juu ni puto lenye kifaa, na ratiba ya dunia ya kurusha maputo ni mara mbili kwa siku, yaani kwa saa zetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Kila puto likipaa, kifaa chake ndiyo kwaheri, kwa hiyo ni gharama isiyoisha. Na wingu la Dodoma halisubiri ratiba. Saa sita mchana anga ni jeupe, saa kumi korongo lililokuwa mchanga mtupu linabeba magogo. Antena ya GPS iliyofungwa juu ya paa hupima kila robo saa, usiku na mchana, kukiwa na wingu au jua, na haihitaji kurushwa.

Shangazi yangu wa Chamwino hulima mtama na alizeti. Mwaka huu alipanda mara mbili, kwa sababu mbegu za kwanza ziliota zikaungua. Nilipomweleza kuhusu mashine akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo ingeniambia mvua itakatika?" Nilimjibu ukweli: hapana, si peke yake. Mashine hii huonyesha kiasi cha maji yaliyo juu, haionyeshi yako kwenye kimo gani, na mvuke unaweza kujaa siku nzima usiinuke kuwa wingu. Faida yake iko kwenye utabiri wa saa chache hadi siku moja au mbili: kama uanike alizeti leo, kama uvune zabibu kabla mvua haijazipasua, kama gari la abiria livuke korongo sasa au lisubiri. Januari 2010 mafuriko yaliing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Kwa watu wa ukanda huo saa tatu za tahadhari ni kitu kikubwa.

Watabiri wetu kila msimu hutueleza habari za ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua unaohama na misimu, na za upepo wenye unyevunyevu kutoka misitu ya Congo. Hebu fikiria antena Kigoma, nyingine Tabora, nyingine Singida, nyingine hapa. Unyevunyevu ukija kutoka magharibi ungeonekana ukipita kituo baada ya kituo, kabla haujafika Bahi, magharibi mwa Dodoma.

Ninachoomba ni kidogo. Kila kituo cha kudumu cha upimaji ardhi kifungwe barometa, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, kando ya antena. Mgandamizo ukikosewa kwa milibari moja, hesabu ya maji inapotea kwa zaidi ya theluthi ya milimita, kwa hiyo kukisia hakufai. Na barometa nzuri ni rahisi mno ukilinganisha na bei ya mashine yenyewe. Pili, tarakimu za uchelewaji zitumwe kwa watabiri kila saa, bure. Nimewahi kuambiwa kwamba takwimu za vituo ni biashara, huwezi kuzigawa. Sawa, zile za kurekebisha vipimo vya mahali ziuzwe kwetu sisi wapima. Uchelewaji ni namba moja tu kwa kila robo saa, na hakuna mtu atakayepima kiwanja kwa namba hiyo.

Mimi nimeanza kwa upande wangu. Nikifunga mashine ya msingi naiacha irekodi mchana kutwa, hata kazi ikiisha mapema, na kila saa naandika daftarini mgandamizo, joto, na hali ya wingu. Uchelewaji nauandika pembeni kabla programu haijaufuta. Kurasa kumi na nne zimejaa. Siku ile ya Hombolo haimo, na bado inaniuma.