Kiyeyusho cha kaboni kwenye injini: swali ni kinafika wapi

Dawa ya kusafisha kaboni imewagawa watu wa magari makundi mawili. Wapo wanaosema kopo moja la kiyeyusho hurudisha nguvu ya injini, hupunguza ulaji wa mafuta na kutuliza mtetemo gari linapokuwa limewashwa limesimama. Wapo pia mafundi, wengi wao wenye uzoefu wa miaka, wanaoamini kwamba ukoko uliokaukia ndani ya injini hautoki kwa kupulizwa, na kwamba ukitoka utabanduka vipande vipande na kwenda kuharibu kitu cha bei kubwa zaidi. Kila upande una magari ya kuonyesha kama ushahidi, ndiyo maana mabishano hayaishi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinajibu swali lililoulizwa vibaya. Kusema "injini ina kaboni" hakutoshi, kwa sababu kaboni iliyo mgongoni mwa vali, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, si ile iliyo juu ya pistoni, wala si ile iliyojibana kwenye mifereji ya ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, na dawa inayofika mahali pamoja huenda isifike pengine kabisa.

Uchafu huu una vyanzo zaidi ya kimoja. Petroli isipoungua yote huacha masizi, na hali hiyo huzidi kwenye gari la safari fupifupi ambalo injini yake huzimwa kabla haijapata moto wa kutosha. Mvuke wa oili unaotoka sehemu ya chini ya injini hurudishwa kwenye njia ya hewa ili uchomwe, na sehemu ya moshi nayo, katika injini nyingi, hurudishwa kuko huko ili kupunguza gesi chafu. Mvuke huo ukigusa shina la vali lenye moto, huganda na kuwa lami, kisha lami hiyo huokwa tabaka juu ya tabaka.

Katika injini ambazo nozeli hupuliza petroli nyuma ya vali, mafuta yenyewe huosha uchafu huo kila mara, na hapo dawa ya kumimina kwenye tangi ina hoja ya kusimamia. Kemikali inayosifiwa zaidi katika dawa hizo ni polietaamini, ambayo hustahimili joto la injini na kulainisha ukoko kidogo kidogo kadiri gari linavyotembea. Hata ubora wa petroli ya kawaida una uzito hapa: mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitoa matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba petroli isiyofikia kiwango cha usafishaji cha Top Tier iliacha uchafu mara 19 zaidi, kwa wastani, baada ya mwendo wa maili 4,000. Anayejaza mafuta mazuri kila siku huenda hahitaji kopo lolote.

Mambo yalibadilika pale nozeli zilipohamishiwa ndani ya silinda. Mitsubishi ilianza kuuza magari ya petroli ya mfumo huo kwa wingi mwaka 1996, na leo mfumo huo umeenea sana kwa sababu unabana matumizi ya mafuta. Hasara yake ni kwamba petroli haipiti tena mgongoni mwa vali za hewa. Dawa ya tangi katika injini ya namna hii bado husafisha ncha za nozeli na kichwa cha pistoni, lakini vali hizo haizigusi hata ikimiminwa kila wiki. Muuzaji anayeahidi kinyume chake ama haijui injini, ama anamjua vizuri mnunuzi.

Hapo ndipo watu hukimbilia kopo la kupulizwa kwenye njia ya hewa huku injini ikiwa imewashwa. Wanaolitetea wana hoja nzito: kazi huisha chini ya saa moja, hakuna kinachofunguliwa, na lami laini ambayo haijaokwa sana huyeyuka kweli. Ila kiyeyusho hufanya kazi kwa kukaa juu ya uchafu, na kinachovutwa na hewa hupita kwenye vali kwa kasi kubwa, tena vali ikiwa na moto unaokikausha kabla hakijapenya. Ukoko wa miaka mingi hauondoki kwa namna hiyo. Hatari nazo si za kubuni. Kioevu kingi kikiingia silindani kwa mkupuo hakikandamiziki kama hewa, na konrodi, fito inayounganisha pistoni na kranki, inaweza kupinda. Kipande kigumu kikibanduka kinaweza kugonga mapanga ya turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ambayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika gari likiwa kwenye mzigo. Mabaki yasiyoungua huenda yakawakia kwenye katalisti, yale masega yanayosafisha moshi, na kuyaunguza. Kwa injini ya zamani isiyo na turbo, inayopata hewa kwa mvuto wake wenyewe, naona hatari hizo zinavumilika. Kwa injini ya turbo yenye nozeli ndani ya silinda na kilomita nyingi, faida ni ndogo mno kuliko kinachowekwa rehani.

Kiyeyusho kilekile hubadilika thamani manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, ikifunguliwa na injini ikiwa imepoa. Fundi huzungusha kranki mpaka vali za silinda moja zifunge kabisa, humimina dawa kwenye tundu hadi ukoko uzame, huiacha ilowane, kisha husugua kwa brashi na kufyonza tope lote kabla ya kuhamia tundu linalofuata. Vali isipofunga sawasawa, kioevu hupungua machoni pake na kushukia silindani, jambo ambalo lenyewe ni taarifa. Hapa hakuna kipande kinachopelekwa kwenye turbo, na matokeo yanaonekana kwa macho. Wapo wanaopendelea kupuliza chembe za maganda ya jozi kwa mgandamizo wa hewa, njia ambayo ni ya haraka zaidi kwa ukoko mgumu. Gharama ya kufungua na kufunga ndiyo inayowafanya wengi warudie kopo, na siwezi kuwalaumu.

Mahali ambapo wapinzani wa kiyeyusho wanakosea waziwazi, naona, ni kwenye ringi. Ringi za oili zikigandishwa na kaboni, injini hula oili, na njia nyingine ya kuzifikia ni kushusha injini. Kumimina dawa kupitia matundu ya plagi, pistoni zote zikiwa zimewekwa katikati ya mwendo wake, na kuiacha usiku kucha, ni jaribio la bei ndogo lenye sababu ya kisayansi: dawa ina muda, na uzito wake unaishusha kuelekea ringi. Asubuhi kioevu kilichobaki hufyonzwa, matundu hufunikwa kitambaa, na injini huzungushwa kwa stata bila moto wala mafuta ili mabaki yatoke. Oili na filta hubadilishwa kabla ya safari yoyote, maana kilichopenya kimeshaifanya oili kuwa nyepesi. Kuruka hatua hiyo ndiko kulikoipa dawa nyingi jina baya.

Hata hivyo, ringi hujibana kwa sababu fulani, na sababu ikibaki, kaboni hurudi. Injini ya Toyota ya 2AZ-FE, ya lita 2.4, ilipolalamikiwa kwa kula oili, kampuni yenyewe iliyashughulikia magari husika kwa kuweka pistoni na ringi mpya. Mwenye injini kama hiyo anaweza kupata nafuu kwa kulowesha, lakini anapaswa kujua kwamba ananunua muda.

Sifa nyingi vinazopewa viyeyusho hutokana na kazi zilizofanywa siku hiyohiyo. Fundi akibadilisha plagi, akisafisha throto (mlango wa hewa ya injini), akichomoa betri na kompyuta ya gari ikaanza kujifunza upya, kisha akapuliza dawa, mteja ataondoka akisifu kopo. Lawama nazo huja kwa njia hiyo hiyo, kwani injini iliyokuwa inamisi kwa sababu ya koili mbovu ya umeme wa plagi itaendelea kumisi baada ya dawa. Kwa hiyo kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa silindani, ipimwe kabla na baada, kamera ndogo ipitishwe kwenye tundu la plagi, na oili inayoliwa kwa kila kilomita 1,000 iandikwe. Karakana isiyokubali kuchungulia kwanza, halafu ikapendekeza usafishaji kwa sababu tu gari limefikisha kilomita fulani, inauza kopo.